Mama asiyetoa machozi kwenye kilio

Kwenye kilio watu wanatazamana. Mama anayebaki na macho makavu anaanza kusemwa: hakumpenda marehemu, au anajua kilichomuua. Leo ninaandika kwa ajili ya mama huyo, maana kuna ugonjwa unaokausha machozi, na pengine yeye analia moyoni kutupita sisi wote.

Machozi yanatoka zaidi kwenye tezi ndogo iliyo juu ya jicho, upande wa nje. Neva ndizo zinazoipa amri. Tena mwilini mna askari wa kupigana na vijidudu, nao wanapashana habari kwa protini ndogo ziitwazo sitokini. Ni kama kengele ya shule: ikilia, kila mtu anakimbia. Kwa watu fulani kengele inalia ndani ya tezi ya machozi, na hakuna adui. Askari wanaingia, wanaipiga tezi yenyewe.

Wataalamu walilichunguza jambo hilo kwa panya. Walidunga sitokini moja, interleukini-1, ndani ya tezi ya panya mwenye afya, na machozi yakapungua: neva zilikuwepo, lakini zilishindwa kutoa amri yao vizuri. Baada ya siku kadhaa tezi ilijitengeneza tena. Hata hivyo panya si mtu. Kwa aina moja ya panya inayotumiwa sana, ni dume anayeharibika zaidi tezi za machozi, na kwa watu, kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake.

Ugonjwa huo unaitwa Sjögren, jina la daktari wa macho wa Sweden aliyeandika juu ya wanawake 19 mwaka 1933. Macho yanachoma kama yana mchanga. Kinywa kinakauka, bugali haipiti bila maji. Meno yanaoza upesi, viungo vinauma, na uchovu hauishi hata ukilala. (Uvivu, wanasema majirani.)

Si kila jicho kavu ni Sjögren. Moshi wa makala, vumbi na uzee navyo vinakausha. Muganga wa macho anaweza kupima kwa kikaratasi kinachowekwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5: kikilowa milimita 5 au chini yake, machozi ni machache. Kuna matone yanayoshika nafasi ya machozi. Maziwa ya mama, mkojo na maji ya majani, hapana! Jicho kavu linashikwa na vijidudu kwa urahisi.

Na kama una ugonjwa huu na una mimba, umwambie muganga mapema. Kwa wamama wachache, protini nyingine za damu yao zinamfikia mtoto tumboni na kupunguza mapigo ya moyo wake, kwa hiyo moyo huo unapaswa kusikilizwa mara kwa mara.