Gari la Umeme Kondele: Jipya kwa Deni au Kuukuu kwa Taslimu?

Juma lililopita safu hii ilikuwa safarini. Tulikuwa wageni Kondele, Kisumu, kwa jamaa zetu waliohama Mombasa miaka mingi iliyopita na kufanya makazi yao nyuma ya soko. Tuliwakuta katika mashauriano ambayo familia nyingi zitayafikia karibuni, iwapo hazijayafikia bado: wanataka kununua gari la umeme, na mbele yao yapo mawili ya kuchagua. Kwa idhini yao tunayaeleza hapa, pasi na kuwataja majina.

Nyumba hiyo ina watu saba: baba, mama, watoto wanne, na bibi mzaa baba, ambaye miguu yake imechoka na hutembezwa kwa kiti cha magurudumu. Kila siku gari litakwenda shule, sokoni na kurudi, jumla ya kilomita 25 hivi. Kila Jumapili bibi hupelekwa Mumias kwa dada yake, safari ya kwenda na kurudi inayokaribia kilomita 170 kwa njia ya Kakamega. Hadi leo safari hiyo hufanywa kwa gari la kukodi, na wiki ambayo fedha hazikupatikana bibi hubaki nyumbani. Akiba yao wameiweka kwa miaka saba.

Gari la kwanza ni BYD Atto 3, jipya, lililoingizwa rasmi katika soko la Kenya mwaka 2024. Aina yake yenye betri kubwa hubeba yuniti 60 za umeme, na kwa kipimo cha Ulaya huenda kilomita 420 kabla ya kuchajiwa tena. La pili ni Hyundai Kona ya umeme, iliyotumika Uingereza, yenye betri ndogo ya yuniti 39 na mwendo unaokaribia kilomita 300 kwa kipimo hicho hicho. Yuniti tunayoisema ndiyo ile ile inayoandikwa kwenye risiti ya tokeni. Vipimo vya kiwandani huwa vya ukarimu. Mwenye busara hupunguza robo, kisha ndipo apange safari. Kwa hesabu hiyo Kona itafika Mumias na kurudi, ikisaza kiasi.

Kwa nini basi mashauriano yakawa marefu? Kwa sababu akiba inatosha Kona kwa taslimu, ilhali Atto 3 ingewalazimu kukopa kwa miaka minne. Baba aliona deni linaweza kubebeka, maadamu lisiwe la riba: benki za Kiislamu hununua chombo kwanza, kisha humuuzia mteja kwa bei na faida inayojulikana tangu mwanzo. Mama, ambaye ndiye mshika daftari wa nyumba, alijibu kwa upole: “Baba Fulani, halali tumeipata. Lakini je, ada za shule tutazilipaje mwezi ambao biashara imelala?” Tuliona swali lile halikupata jibu siku ile.

Tukakaa nao tukapiga hesabu ya mafuta. Gari la kimo hiki hula karibu yuniti 18 kwa kila kilomita 100, tukijumlisha na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Safari zao ni kilomita 320 kwa wiki, yaani yuniti 230 hivi kwa wiki nne. Tukichukulia yuniti moja ni shilingi 30, hiyo ni shilingi 6,900. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita lingetumia lita 107. Tukichukulia lita ni shilingi 180, ni zaidi ya shilingi 19,000. Ewe msomaji, usitegemee bei zetu. Chukua risiti yako ya tokeni, gawanya fedha ulizolipa kwa yuniti ulizopata, nawe utaijua bei ya nyumbani kwako. Upo pia mpango maalumu wa bei kwa vyombo vya umeme, ulioanza mwaka 2023 kwa shilingi 16 kwa yuniti na shilingi 8 katika saa za usiku, kabla ya kodi na tozo, kwa matumizi yanayozidi yuniti 200 kwa mwezi. Waulizeni Kenya Power masharti yake kabla ya kununua.

Unafuu huo wa mafuta utapatikana kwa gari lolote kati ya haya mawili. Kwa hiyo hauwezi kutumiwa kuwa hoja ya kuchukua lile la ghali, na hapo ndipo wengi hukosea.

Kisha tukamwita fundi wa umeme. Alipofungua soketi ya ukutani alikuta waya wa kupeleka umeme ardhini haukuunganishwa. Kwa pasi na friji familia ilikuwa imeishi na hatari hiyo bila kujua; kwa gari linalovuta umeme mkubwa usiku kucha, lisingalikuwa jambo la kuchezea. Fundi akashauri laini ya peke yake kutoka kwenye mita, yenye swichi yake ya kukata umeme. Soketi ya kawaida hutoa yuniti mbili na kitu kwa saa. Safari za siku moja hurudishwa kwa saa mbili. Safari ya Mumias huchukua kama saa 13. Kwa chaja ya ukutani ya kilowati saba, safari hiyo hurudishwa kwa muda usiofika saa tano. Gharama hii iingizwe katika bei ya gari tangu mwanzo. Na aliyepanga nyumba azungumze na mwenye nyumba kabla hajazungumza na muuza magari.

Tuwe waadilifu kwa Atto 3, kwani sifa zake ni za kweli. Buti yake ni ya lita 440, ya Kona ni lita 332. Betri yake ni ya aina inayostahimili kujazwa hadi mwisho. Ile ya Kona hudumu zaidi ikiachwa kwenye asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku. Kadhalika Atto 3 inaweza kutoa umeme wake ukawasha friji na taa, na wakazi wa Kondele wanajua thamani ya jambo hilo umeme unapokatika. Familia inayosafiri Nairobi mara kwa mara itafaidika na betri kubwa. Kutoka Kisumu hadi Mau Summit barabara hupanda zaidi ya mita 1,200, na kuliinua tu gari lililojaa watu hula karibu yuniti nane zaidi ya zile za mwendo.

Lakini jamaa zetu huenda Mombasa mara moja kwa mwaka, nao wakakubaliana kwamba safari hiyo itabaki ya basi.

Iliyobaki ilikuwa hofu ya kitu kuukuu, na hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2021 Hyundai iliyaita magari takriban 82,000 duniani, mengi yakiwa Kona za miaka ya 2018 hadi 2020, ili yabadilishwe betri baada ya baadhi kushika moto. Mnunuzi ana haki ya kuona, kwa namba ya chesisi, kwamba kazi hiyo ilifanyika. Aombe pia ripoti ya afya ya betri iliyopimwa kwa mashine mbele yake. Akumbuke kuwa gari la Uingereza huhesabu kwa maili, na kwamba sheria ya Kenya haikubali gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Dini yetu inamtaka muuzaji aibainishe aibu ya bidhaa yake. Betri ndiyo mahali ambapo aibu hujificha.

Muuzaji wa kwanza alikataa gari lake lisipimwe. Mama akamshukuru, akaondoka. Wa pili alikubali, akatoa na karatasi za betri mpya. Kiti cha bibi kikaletwa kwa tuktuk, kikapimwa: hakikuingia butini ila kwa kulaza sehemu ya kiti cha nyuma, na hapo mahali pa watu wawili pakapotea.

Pakawa kimya. Bibi akasema: “Wanangu, siku ya Mumias wajukuu watapokezana. Mimi sitaki kupandishwa gari ambalo mwaka wa nne bado mnalilipia.” Mjukuu mkubwa akajitolea kubaki Jumapili ya kwanza.

Wakainunua Kona. Haiwatoshi wote kwa pamoja siku ya Jumapili, na hilo wamelikubali kwa macho makavu. Jumapili hii, inshallah, bibi atakwenda Mumias bila kusubiri fedha za kukodi.

Wabillahi tawfiq.