Uzuri Haununuliwi Dukani

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii yahusu vyombo vya baharini, lakini yawafaa pia wale wapitao mbele ya jengo la mabati wakageuza uso. Wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba jengo zuri ni lile la vioo na marumaru iliyoagizwa kutoka ng'ambo kwa gharama kubwa, na kwamba bati, nondo na tofali la udongo ni alama za unyonge. Sisi tunasema kwamba imani hiyo ni kasumba, na yafaa iondolewe.

Bati lenyewe ni kazi ya akili. Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari mjini London, alisajili namna ya kukunja karatasi nyembamba ya chuma iwe na migongo. Mkunjo huo ndio unaoipa karatasi hiyo nguvu ya kujishikilia juu ya nafasi pana. Basi migongo tunayoiona kila siku haikuwekwa kwa pambo. Ndiyo nguvu yenyewe.

Mfano wa kujivunia umo humu humu Afrika. Katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso, shule ya msingi ilikamilika mwaka 2001. Aliyeisanifu ni Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho, fundi seremala aliyekwenda kusoma Ujerumani. Naye aliianza kazi hiyo angali mwanafunzi. Hakuagiza marumaru. Alitumia matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, nondo za kawaida na mabati. Wanakijiji walijenga wenyewe: watoto walikusanya mawe ya msingi, akina mama walileta maji, na wengine wakafundishwa kutumia msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kulehemu.

Kila aliyesoma chini ya bati anaijua taabu yake. Jua likiwaka, darasa huwa tanuri. Mvua ikinyesha, sauti ya mwalimu haisikiki. Kéré hakulilaumu bati. Alijenga dari ya matofali, juu yake akasimamisha kenchi za nondo, na juu ya kenchi akapaua kwa mabati yaliyotokeza mbali nje ya kuta. Hewa ya moto hupita kati ya dari na bati ikaenda zake, na kuta hupata kivuli wala hazipigwi na mvua. Ukilitazama kwa mbali, paa lile laelea. Nalo limeundwa. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, iliyo kuu katika fani hiyo duniani.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba umaskini ni uzuri. Kibanda cha bati ambamo mfanyakazi hulala na watoto wake kwa kukosa njia nyingine si pambo, na anayekisifu akiwa amekaa kivulini anamdhihaki mwenzake. Tunalosema ni kwamba kosa si la bati. Kosa ni la wale wanaodhani kwamba kitu cha mnyonge hakihitaji kufikiriwa. Kwamba shule ya kijijini, zahanati na karakana zaweza kujengwa vivi hivi, kisha fikira zote na fedha zote zikapelekwa kwenye ofisi za wakubwa.

Kwa hiyo twawataka wote wenye dhamana ya kuidhinisha majengo ya umma waulize hewa itapitia wapi kabla ya kuuliza rangi ya vioo. Nanyi ndugu mafundi wa Gerezani na Kamukunji, mnaokata na kulehemu chuma tangu asubuhi hadi jioni, msikubali kuambiwa kwamba kazi yenu ni ya kuficha nyuma ya ukuta uliopakwa rangi. Nondo ileile iliyo mikononi mwenu ndiyo iliyobeba paa la Gando. Uzuri haununuliwi dukani. Huundwa kwa akili na kwa jasho, na hivyo viwili wananchi wetu wanavyo tele.