Meno Yakichoma Baada ya Kubleach, Usiambiwe "Dawa Inafanya Kazi"

Siku hizi ukiangalia bei kwa ukuta wa saluni nyingi Nairobi, kati ya kucha na kope utapata huduma nyingine: kung'arisha meno. Unalala kwa kiti, unapakwa jeli, unawekewa taa ya buluu mdomoni, na ukitoka hapo ni selfie mbio mbio. Shida inaanza usiku. Unakunywa maji baridi na jino la mbele linapiga shoti mpaka unashika kichwa. Ukimtext aliyekupaka anakushow, "Relax, hiyo ni dawa inafanya kazi."

Zii. Hiyo shoti ni jino linalia, na lina sababu.

Wengi wetu tunachukulia jino kama jiwe. Lakini ni hiyo ganda ya nje tu, enameli, ambayo haina uhai, na ikiisha hairudi. Chini yake kuna dentini, imejaa vijitundu vidogo sana. Ndani kabisa kuna nyama laini yenye damu na neva. Hiyo nyama imezungukwa na seli zinaitwa odontoblasti, mafundi wanaotengeneza dentini maisha yako yote.

Sasa ile jeli ni haidrojeni peroksaidi, ama kabamaidi peroksaidi ambayo hugeuka kuwa hiyo hiyo. Ni familia moja na ile dawa ya kufanya nywele iwe blonde. Inavunja rangi iliyonaswa ndani ya jino, na hiyo kazi inafanya poa. Noma ni kwamba chembe zake ni ndogo mno, zinapenya enameli na dentini na kufika kwa nyama ya ndani kwa dakika chache tu. Ikiwa kidogo, mwili unaivunja, neva inakasirika siku mbili tatu halafu inatulia. Ikiwa nyingi, seli zinakufa.

Na hii sio stori ya kutishana. Kuna watafiti walipaka jeli ya asilimia 38 kwa meno ya watu ambayo yalikuwa yang'olewe hata hivyo, kisha wakayachunguza ndani. Kwa yale meno madogo ya mbele ya chini, sehemu ya nyama ya ndani ilikuwa imekufa. Magego ya mbele yalikuwa sawa, juu ni manene. Yaani meno yanayoonekana kwa selfie ndiyo membamba zaidi.

Tusidanganyane lakini, kubleach sio sumu. Daktari wa meno anaweza kukupea kabamaidi ya asilimia 10, ambayo ni kama asilimia 3.5 ya peroksaidi, unavaa usiku kwa wiki kadhaa. Kabla ya hapo anacheki kama una shimo ama ufa, juu dawa ikipitia hapo inafika kwa neva moja kwa moja. Anaangalia pia ufizi usichomeke. Msee wa saluni atacheki na nini, tochi ya simu?

Ulaya waliona hii kitu mapema. Tangu 2012, dawa yenye peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 hadi 6 inauziwa madaktari wa meno tu, na walio chini ya miaka 18 hawapewi. Uingereza, mahakama kuu ilisema 2013 kwamba kung'arisha meno ni kazi ya daktari wa meno. Huku kwetu madaktari wa meno hupewa leseni na KMPDC, kwa hivyo kabla ufungue mdomo, uliza leseni, halafu uliza jeli ni asilimia ngapi. Akianza kujiumauma, shika bag yako.

Kuna watu naskia vibaya zaidi kwa niaba yao: wasee wa Nakuru, Naivasha na mitaa mingine ya Bonde la Ufa, waliokunywa maji yenye floraidi nyingi wakiwa watoto na wakachekwa shule nzima juu ya meno ya brown. Hao ndio hurudi kubleach mara tatu, mara nne, juu rangi haitoki. Haitoki kwa sababu ilijengwa ndani ya enameli jino likiwa bado halijaota. Wakati mwingine bleach hata inafanya mabaka meupe yaonekane zaidi. Daktari anaweza kukwangua tabaka jembamba sana ama kufunika jino, na hiyo inasaidia kuliko kuchoma neva kila mwezi. (Na wewe wa makaa na ndimu: makaa yanakwaruza, ndimu inayeyusha. Wachana nazo.)

Kama ushafanya na meno yanachoma, usirudie. Tumia mswaki laini na dawa ya meno ya wenye meno nyeti, na uachane na vitu baridi na chachu kwa siku kadhaa. Lakini maumivu yakianza kukuamsha usiku bila hata kunywa kitu, ama yakipita wiki mbili, enda kwa daktari wa meno haraka, kabla neva ife na uambiwe ni kusafisha mzizi ama kung'oa.