Mazalia ya Samaki Yajulikane, Yalindwe

Mkulima wa miteremko ya Mlima Meru huchagua mahindi ya mbegu na kuyaweka darini penye moshi, hata mwaka wa njaa. Hangoji sheria imfundishe kwamba asagaye mbegu hatakuwa na mavuno. Lakini jambo lililo wazi shambani hufichika baharini, kwa kuwa ghala la mbegu ya samaki limo chini ya maji: hujaa kwa siku chache, kisha hutawanyika. Hapana budi, basi, taifa lijue samaki wake huenda kutaga wapi, na lini.

Mfano mzuri ni tasi, samaki anayejulikana sana katika madema ya pwani ya Afrika Mashariki. Huko Shelisheli, watafiti waliwatia tasi matumboni vyombo vidogo vinavyotoa milio, wakaweka vinasa sauti chini ya bahari. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba samaki hao hukusanyika kutaga siku za karibu na mwezi mpevu, na kwamba wengi hurudi mahali pale pale. Wavuvi wa madema wa kisiwa cha Praslin walikwisha kulijua jambo hilo kabla ya chombo chochote kushushwa majini. Elimu ya mvuvi ilitangulia, na chombo kikaithibitisha.

Hata hivyo, kujua peke yake hakutoshi. Ningu wa Ziwa Victoria alikuwa na desturi ya kupanda mito kama Nzoia na Kagera wakati wa mvua ili akatage. Watu walizijua safari zake barabara. Nyavu za makila zilipoenea ziwani, zikategwa midomoni mwa mito, zikawanasa majike wenye mayai kabla hawajataga. Kufikia katikati ya karne ya 20 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka. Elimu ile ile ambayo ingemlinda ningu ndiyo iliyomwangamiza, kwa sababu haikuwa na mpango wa pamoja.

Serikali za nchi zinazozunguka Ziwa Tanganyika zimekwisha kuonyesha kwamba mpango wa pamoja unawezekana. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo tangu Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Hatua hiyo ilistahili, lakini miezi mitatu ni muda mrefu kwa mvuvi mwenye watoto wa kulisha. Hapo ndipo faida ya utafiti inapoonekana. Asiyejua mazalia yalipo hulazimika kufunga maji yote kwa muda mrefu. Ayajuaye anaweza kufunga mwamba mmoja kwa siku chache za mwezi mpevu, na mvuvi akaendelea kupata riziki kwingineko.

Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, inapaswa kupewa nyenzo za kuifanya kazi hiyo katika pwani nzima. Maofisa uvuvi nao watoke maofisini, wakae na wazee wa madema, wayaandike wanayoambiwa. Mahali penyewe pasitangazwe ovyo, maana kumwonyesha mwenye tamaa yalipo mazalia ni kumkabidhi ufunguo wa ghala. Siku za kufunga zipangwe pamoja na wavuvi wenyewe, kwani kijiji kilichoshiriki kuweka amri ndicho kitakachoilinda usiku, wakati boti ya doria haipo.

Mwalimu wa Levolosi, jijini Arusha, asidhani kwamba shughuli hii ni ya watu wa pwani tu. Mto Themi unaokatiza jiji lake huungana na Kikuletwa, maji yake hupitia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hushuka na Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Taka zinazotupwa mtoni Arusha zina njia ya kufika baharini, na samaki anayeuzwa Arusha alizaliwa mahali fulani. Mwanafunzi afundishwe hayo mapema.

Wajibu wa kila mtumishi wa umma ni kuhakikisha kwamba elimu hii inatumika kulinda mazalia kabla haijatumika kuyamaliza. Tasi hawezi kubadili siku yake ya kutaga. Anayeweza kubadili siku ya kutega ni binadamu.