Zamu ya ludo siyo ya mwenye mdomo

Leo naongea na wacheza ludo wa vijiweni hapa Nyasho. Kuna braza mmoja simtaji (anajijua), akirusha, akisogeza, dadu anaidaka tena, wa kushoto kwake kabaki anashangaa. Na wanaorukwa kila siku ni walewale, wapole na madada. Halafu mnauliza mbona hawaji tena!

Wamarekani wana gemu la mezani linaitwa Dungeons & Dragons, lipo tangu 1974. Mnakaa kundi, mnapambana na mazimwi ya kwenye hadithi. Vita ikianza, kila mtu anarusha dadu ya pande 20 na kujumlisha wepesi wa mhusika wake. Namba zinaandikwa, mwenye kubwa anaanza, na foleni ileile inazunguka mpaka vita iishe. Hata mwenye upanga mrefu anasubiri.

Mbona kwenye bao tunaheshimiana? Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, mwenzio anacheza.

Mi nasema ludo nayo tuandike majina kwenye kipande cha boksi. Sita unarudia, sawa, ila ukimaliza dadu mkabidhi mwenzio mkononi. Hutaki? Kacheze na simu, kule huwezi kupora zamu.

Wa Nyasho mnasemaje? Tiririka hapo chini.