Sauti za Wazee Zisife Pamoja na Seva

Sisi wanafunzi wa isimu tunarekodi wazee vijijini, kisha sauti zao tunazipakia "kwenye wingu" na kulala usingizi. Naona jina hilo linatudanganya. Wingu ni kompyuta za watu wengine, zimo ndani ya jengo, na kodi yake lazima ilipwe. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva za OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja wasiokuwa na nakala mahali pengine walipoteza data zao. MySpace nayo ilikiri mwaka 2019 kwamba nyimbo nyingi zilizopakiwa kati ya 2003 na 2015 zimepotea.

Kwetu Obokote hasara kama hiyo ina uzito wa pekee. Kikumu, ambacho Guthrie alikipa alama D23, ni lugha ya toni. Sauti ikipotea, maandishi yasiyo na alama za toni hayawezi kuirudisha.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kutoa rekodi kwenye seva ya zamani waliyoikodi waliotutangulia. Sikuwa fundi. Kumbe kigumu hakikuwa kompyuta: nywila ilifungwa kwa namba ya simu ambayo mwenyewe alishaiacha. Baada ya kumpata mtu huyo, amri ya rsync nilijifunza kwa jioni mbili. Faili iliyokwisha kufika inairuka. Na ukiiagiza itunze vipande, mtandao ukikatika inaendelea pale ilipoishia. Hilo si dogo: saa moja ya WAV ya stereo, kwa biti 16 na hezi 44,100, ni karibu megabaiti 635, na mayunite tunayanunua wenyewe. Mwishoni nililinganisha alama za uhakiki za faili za seva na zangu, moja baada ya nyingine.

Faili zote zilifika salama. Lakini nyingi ziliitwa "audio1", "audio2", bila jina la msemaji, kijiji wala tarehe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya watu wa informatiki. Sikubali. PARADISEC, hifadhi ya sauti ya Australia iliyoanza mwaka 2003, iliundwa na wataalamu wa isimu na wa muziki. Anayejua kwa nini sauti ina thamani ndiye anayepaswa kujua kuiokoa.

Napendekeza kitivo kiweke sharti: asitetee TFC mwanafunzi ambaye rekodi zake hazina nakala tatu. Moja ibaki kwenye diski ya kitivo, moja iende kwenye hifadhi inayotambulika, na moja irudi kijijini katika kadi ya simu, maana wenye lugha ni wao. Kila nakala iandamane na karatasi ya majina, mahali, tarehe na ruhusa ya msemaji. Nywila nazo zikae kwa katibu wa kitivo, zisitegemee simu ya mtu mmoja. Walimu wetu, tuanze na promosheni ya mwaka huu, wakati wazee wale bado wapo.