Kung'aa Si Kukata

Vijana wenzangu, leo sina shairi. Nina ugomvi. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoshinda vijiweni Mbagala na Temeke tukiandika beti za mikoko na mitumbwi ya kwetu, lakini tukipewa kisu chenye kutu tunakiita takataka.

Nami nimo. Babu yangu, mvuvi na mkulima wa mpunga kule delta ya Rufiji, alinipa kisu chake. Si kisu cha kukunja. Ni bapa moja la chuma cha springi ya gari, limefuliwa na mhunzi, na msuka wake umeingia mpaka mwisho wa mpini. Kimepasua samaki, kimekata kamba za nyavu, kimechana ukindu wa mikeka ya bibi. Mimi nilichoona ni kutu, na mpini uliofungwa mpira wa baiskeli.

Mshikaji mmoja akaniambia, "Achana nacho bwana, nunua kipya, vinatembezwa mpaka madirishani mwa mabasi." Mwingine akashauri nikipeleke kwa fundi mwenye mashine, kitoke kama cha Rambo, na meno mgongoni. Meno nilikataa. Mng'aro niliutaka. Fundi akakilaza kwenye jiwe la umeme, cheche zikaruka, watoto wakashangilia. Dakika tano tu. Kikatoka kama kioo, na pembeni mwa makali kuna mstari wa buluu. Nikaona urembo. Kumbe ni msiba.

Hebu tuelewane. Kisu hushika makali kwa sababu mhunzi alikipasha moto, akakizamisha ghafla kikawa kigumu, kisha akakipasha tena kwa kiasi kisivunjike. Buluu ile maana yake chuma kimefika nyuzi joto kama 300, na ugumu alioutolea jasho mhunzi umelegea. Nilikinoa asubuhi, jioni hakikati nyanya.

Nikapanda basi hadi Kibiti, nikashika njia ya Nyamisati, kisha mashua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mume mwenzangu."

Akakipokea, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akanyamaza. Halafu akasema, "Umekiogesha kwa moto." Basi. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Tulifanya kazi siku mbili, uani, bila umeme. Kwanza tupa. Penye buluu ilikula chuma kirahisi, kama inakula mti. Ilipoanza kuteleza babu akanishika mkono: "Hapo. Kisu kizima kinaanzia hapo." Tulikuwa tumeondoa karibu urefu wa punje ya mpunga. Kutu iliyobaki mashimoni tukaisugua kwa kumbi la nazi na majivu yaliyoloweshwa. Kisha msasa wa maji, namba 120, 240, 400. Kila namba inafuta mikwaruzo ya mwenzake. Ukiruka moja, mikwaruzo itakusuta. Mwisho kinoo, taratibu, maji kila mara.

Mpini mimi nilitaka wa mkomafi. Babu akakataa katakata. Mikoko ya delta ni hifadhi, haikatwi bila kibali, na mti mzima hauangushwi kwa ajili ya shibiri moja. Tukaomba kwa seremala wa kijijini salio la mlango wa mninga, limekauka vizuri. Tukatoboa, tukapitisha misumari ya shaba, tukaigonga ncha mpaka ikafunga. Halafu mafuta ya nazi, kwenye mti na kwenye chuma. Maji ya delta hayana heshima na chuma. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia kujificha humo mwaka 1914, ikamalizwa Julai 1915, na mabaki yake yakakaa miaka mingi yakiliwa na kutu. Itakuwa kisu?

Sasa nasema. Wewe wa "nunua kipya", sikatai, kisu kisichoshika kutu kina kazi yake, hasa jikoni. Lakini unatupa chuma cha springi ili ununue bati linalopinda, sifa yake kung'aa. Wazee walishasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wewe wa meno ya Rambo, niambie, meno yale yanakata nini? Samaki? Ukindu? Hayakati kitu. Yanatisha tu. Na sisi wa Kibiti kutisha tumekujua. Mwaka 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na polisi waliuawa kwetu, watu wakawa wanafunga milango kabla ya giza. Mpaka leo kijana wa kule akionekana na kisu anaulizwa mara mbili. Halafu wewe unakipamba kisu kifanane na hofu! Kisu cha kazi kikae ndani ya ala, kitoke kwa kazi, kirudi.

Na nyinyi waandishi wenzangu mnaosema kazi ya mikono haihusu ukurasa huu: ninazo hadithi zangu nilizozipeleka kwenye jiwe la umeme. Nikazijaza maneno ya kumeta, watu wakapiga makofi kijiweni. Ukizisoma mara ya pili hazikati. Hizo nazo zinahitaji tupa, na mwenye kushika tupa ni mimi.

Kisu ninacho. Kinakata. Ila kimekuwa chembamba kuliko alichonipa babu, na wembamba ule ni deni langu, halilipiki. Chuma kilichoondoka hakirudi.

Mnaotaka kubisha, bisheni. Lakini kwanza njooni na kisu mlichokinoa wenyewe.